Chakula cha melini umeshakilipia, kidai

Ukinunua tiketi ya meli kubwa ya utalii inayotoka Miami au Barcelona, ukumbi mkuu wa chakula umo ndani ya bei. Mimi hula humo kila jioni: supu, samaki, na nikimtamani tena naomba sahani ya pili, naletewa bila bili. Abiria wengi hawajui kama inaruhusiwa. Hukimbilia migahawa maalumu, ya stiki au sushi, inayolipiwa pembeni. Soda na pombe kwa kawaida hulipiwa. Maji, chai na kahawa ya kawaida hapana. Bakshishi nayo mara nyingi huongezwa kwenye hesabu yako kila siku. Anayekula halali tu aiandikie kampuni mapema, kabla ya safari. Wanaosafiri na wazazi wasilipuuze hili, wazee wasije wakashindia saladi.