Kesi ni yako, lakini dosiye iko wapi?

Watu wengi wenye kesi katika tribinali za mashariki ya Congo wanajua safari hii: wanafika kwa grefe asubuhi, wanaambiwa dosiye haionekani, warudi kesho. Kesho inakuwa juma, juma inakuwa miezi.

Sheria iko wazi. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 19, inahakikisha haki ya kujitetea. Kifungu cha 21 kinataka kila hukumu iandikwe, ielezwe sababu zake na isomwe mbele ya watu. Tena kinampa kila mtu haki ya kukata rufaa. Lakini mtu atajitetea namna gani kama hajui mpinzani wake ameweka karatasi gani ndani ya dosiye?

Shida inaanzia kwenye karatasi yenyewe. Mara nyingi dosiye ni moja tu, iko ndani ya farde, kwenye kabati. Inatoka kwa karani, inaenda kwa jaji ao kwa parke, kisha inarudi. Kila mahali inapopita, kuna mtu anayeweza kuichelewesha ao kungojea matabishi. Anayeshika farde anashika kesi.

Wakati huo, siku zinahesabiwa. Katika kesi za jinai, muda wa rufaa ni siku 10, na kwa mtu aliyekuwepo zinaanza kuhesabiwa siku hukumu inaposomwa. Kama hukumu haijapigwa mashine, mfungwa anaamua kukata rufaa bila kusoma sababu za kufungwa kwake. Katika kesi za kiraia, kama zile za mashamba na viwanja, muda ni siku 30 kisha mtu kuletewa hukumu, na mahakama ya rufaa inadai nakala rasmi ya hukumu hiyo. Nakala ikikawia kwa grefe, rufaa inaweza kukataliwa, na shamba linapotea.

Kuna pia luga na feza. Dosiye inaandikwa kwa Kifaransa, hata kama wenye kesi wanasema Kiswahili. Asiye na avoka anaweza kushika nakala yake bila kuielewa. Sheria inaruhusu masikini aondolewe malipo ya tribinali, lakini wengi hawajui, na bei hazibandikwi ukutani kila mahali.

Vita vimeongeza uzito. Tangu M23 ilipokamata Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, tribinali za serikali katika miji hiyo zilisimamisha kazi. Mtu aliyekimbilia Beni hawezi kubeba dosiye iliyobaki ndani ya kabati la Goma. Karatasi ikipotea, ushahidi unapotea nayo.

Dawa ya kwanza haihitaji mashine za bei. Kila anayeweka karatasi apewe risiti yenye namba ya kesi. Kila dosiye inayotoka kwa grefe iandikwe katika kitabu: nani ameichukua, siku gani. Bei zibandikwe mlangoni. Nakala ya pili ihifadhiwe mahali pengine. Na mwenye kesi asiache karatasi zake za asili kwa mtu yeyote bila kubaki na nakala. Bila hayo, haki ya rufaa itabaki ndani ya kitabu cha sheria, na mwenye shamba atabaki mlangoni.