Msimwite mlingoti, huo ni mtaji!

Wiki hii kesi imetoka Bigwa, hapa hapa mji kasoro bahari. Mama mmoja, muuza njegere na karoti za Mgeta, ana binti yuko kidato cha tatu. Mrefu huyo! Akipita mtaani vijana wanamwita mlingoti, lakini kwenye mpira wa wavu akiruka hakuna wa kumzuia. Tatizo ni mjomba mtu. Na Uluguruni mnajua, mjomba akisema kasema. Kasema mpira haujazi sufuria.

Mjomba, shikamoo. Naomba nikupe kisa cha dada wa Kimarekani, Flo Hyman.

Alizaliwa 1954, akarefuka mpaka mita 1.96. Chuo Kikuu cha Houston kilimsomesha kwa ajili ya wavu. Mwaka 1980 Marekani iligomea Olimpiki ya Moscow, naye akabaki nyumbani wakati yuko moto kweli kweli. Hakususa. Mwaka 1984, Los Angeles, akavaa medali ya fedha.

Sasa sikia uhondo. Pamoja na utajiri wote wa Marekani, kwao hapakuwa na ligi ya kumlipa. Ikabidi aende Japani kuchezea Daiei. Daiei ni nini? Kampuni ya maduka makubwa! Yaani wauza sabuni na vitunguu ndio waliompa mshahara.

Kwa majirani zetu Kenya ni vile vile. Timu kubwa za kina dada ni za Magereza, za kampuni ya bomba la mafuta na za benki ya KCB. Mercy Moim, aliyewahi kuchezea Magereza, alibeba bendera ya Kenya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021. Bongo nako tuna Jeshi Stars. Kwa hiyo mjomba, usiulize kama mpira unalipa. Uliza nani atamwajiri binti, na amalize shule kwanza, maana ajira hizo zinataka cheti.

Ila mama, na wewe nina lako. Tarehe 24 Januari 1986, mjini Matsue, Hyman alitolewa uwanjani apumzike. Akakaa benchi, ghafla akaanguka. Ndio ukawa mwisho wake, miaka 31 tu! Uchunguzi ulionyesha mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo ulipasuka. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi uitwao Marfan, ambao wenye nao mara nyingi huwa warefu, mikono na vidole virefu, na wengine macho yanawasumbua. Kaka yake alipopimwa akakutwa nao pia, akapasuliwa mapema, akaokoka.

Si kila mrefu anao, msije mkawatisha watoto wa watu! Ila ulizeni kwenye ukoo: kuna mrefu aliyeanguka ghafla akiwa kijana? Na msiulize kwa mama tu. Sisi ukoo ni wa mama, lakini ugonjwa huu haujui mila, hata kwa baba unarithiwa. Kama yupo, au dalili zipo, mpelekeni binti kwa daktari apimwe moyo kwa ile mashine ya picha. Akionekana safi, mwacheni apige mpira.

Na nyie vijana wa Bigwa, kumbukeni mlingoti ndio unaobeba bendera. Tukutane wiki ijayo.