Raketi ya Malimao

Jumamosi moja ya Septemba niliikuta raketi yangu imehamishwa.

Nieleze kwanza, maana si kila msomaji amewahi kukanyaga uwanja wa pikoboli. Hapa Columbus, Ohio, ninakosomea shahada ya uzamili ya takwimu, viwanja vya bustani za umma havina mtu wa kuandika majina. Ukifika unachomeka raketi yako kwenye uzio, nyuma ya raketi ya aliyekutangulia, kisha unaenda kukaa. Raketi ndiyo inayokupangia foleni. Wachezaji wanne wakitoka, wenye raketi nne za mbele wanaingia. Utaratibu huu ndio ulionifanya niupende mchezo hata kabla sijajua kuucheza: mhadhiri, dereva wa lori na bibi wa miaka sabini wanangoja zamu mstari mmoja, na hakuna anayeuliza wewe ni nani.

Siku hiyo nilikuwa bustani nyingine, mbali na ninayoizoea. Kulikuwa na foleni mbili, moja ya wazoefu na moja ya wanaoanza. Nilikuwa nimeshacheza mwaka na miezi minne, mara tatu kwa wiki, kwa hiyo niliichomeka yangu kwa wazoefu, nikaenda kujaza chupa maji. Niliporudi ilikuwa upande wa wanaoanza. Hakuna mtu pale aliyewahi kuniona nikipiga hata mpira mmoja. Walichokiona ni raketi ya njano iliyochorwa malimao, ya dola 60.

Nilipouliza, mzee mmoja mwenye mvi alinijibu kwa upole kabisa kwamba alidhani nimekosea upande. "Ile si raketi ya ufukweni?" akasema. Hakuwa na ubaya. Ndiyo maana nimekasirika mpaka leo; mtu mbaya ningemsahau.

Sasa tumfundishe mzee historia ya mchezo wake. Mwaka 1965, kiangazi, kisiwa cha Bainbridge katika jimbo la Washington, Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walirudi nyumbani wakakuta familia zimechoka kukaa bure. Uani kulikuwa na uwanja wa mpira wa vinyoya, lakini vifaa vyake havikukamilika. Wakachukua raketi za tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kupiga. Baadaye Barney McCallum akaingia na kukata raketi za kwanza za plaiwudi kwa msumeno. Yaani mchezo huu umezaliwa kwa sababu vifaa sahihi havikuwepo. Niliposoma habari hii nilicheka peke yangu, kwa sababu huko Morogoro nilikokulia ndivyo tulivyocheza tenisi ya mezani shuleni: madawati mawili yameunganishwa, wavu ni matofali, raketi ni kipande cha ubao ulichomwomba fundi seremala. Hatukujua kwamba tunafanya ubunifu. Tulidhani ni umaskini.

Mwaka 1984 mhandisi wa Boeing, Arlen Paranto, alitengeneza raketi kwa ubao mwepesi wenye sega ndani, wa aina inayotumika kwenye ndege, na hapo plaiwudi ikaanza kurudi nyuma. Mpaka leo raketi nyingi, ya bei ya juu na ya bei ya chini, zina sega la plastiki tumboni. Tofauti kubwa iko usoni. Yangu ina uso wa faibaglasi, laini, unaorusha mpira kwa haraka. Zile za dola 250 na kuendelea mara nyingi zina uso wa kaboni ulioachwa na mkwaruzo, unaoushika mpira na kuuzungusha. Na mkwaruzo huo, niseme kabisa, unalika kadiri unavyocheza. Unalipia kitu ambacho kila mpira unakifuta kidogo.

Sikutaka kubishana kwa hasira tu. Mwanafunzi mwenzangu ana raketi moja ya kaboni, akaniazima kwa wiki mbili. Nilipiga sevu 100 kwa kila moja, nikibadilisha kila baada ya kumi, na kuhesabu zilizotua theluthi ya mwisho ya uwanja. Malimao: 71. Kaboni: 74. Mtu yeyote aliyekaa darasani kwetu wiki moja anajua kwamba tofauti hiyo haisemi kitu. (Jaribio halikuwa la siri, nakiri. Malimao yale yanaonekana kutoka barabarani.)

Halafu nikafanya jambo ambalo wapimaji wa raketi hawalifanyi. Wao wanapima mizunguko ya mpira kwa dakika na uzito wa raketi inaporushwa. Mimi nilichukua daftari na kwa michezo sita nikaandika jinsi nilivyopoteza kila mpira. Nilichelewa kufika. Nilipiga nikiwa bado nakimbia. Nilipiga kwa nguvu mpira uliotaka kubembelezwa. Nilimwachia mwenzangu, naye akaniachia. Mara kwa mara niliingia jikoni, ndivyo wanavyoliita eneo la futi 7 kutoka kwenye wavu ambamo huruhusiwi kuupiga mpira ukiwa hewani. Katika mipira 58, ile ambayo kwa haki ningeweza kuilaumu raketi ilikuwa minne.

Hiyo minne ilikuwa ya kweli, nisiidharau. Ukiupiga mpira pembeni mwa uso, raketi ya bei ndogo inajisokota mkononi na mpira unakufa wavuni. Ile ya kaboni inakusamehe. Ukisimama karibu na wavu mbele ya mtu anayepiga kama ana deni na wewe, utaitamani ile ya kaboni. Na kitambaa cha mshikio wa yangu kilianza kubanduka mwezi wa kwanza, nikazungushia kingine cha dola chache. Anayecheza mashindano na anunue anachotaka, sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na sisi tuliobaki, watu wa jioni na wikiendi, tunaoambiwa kwamba bila dola 250 hatujaanza kucheza. Tazama sheria zenyewe. Sevu lazima ipigwe kutoka chini. Mpira lazima udunde upande wa mpokeaji, kisha udunde upande wa mpigaji, ndipo mtu aruhusiwe kuupiga hewani. Mpira una matundu, hewa inaukamata. Uwanja ni futi 20 kwa 44, hatua chache tu. Kila kitu kimepangwa ili mwenye misuli asimmalize asiye nayo, ndiyo maana yule bibi wa miaka sabini ananifunga. Kisha tunakwenda dukani kununua tena, kwa bei ya vitabu vyangu vya muhula mzima, ile nguvu ambayo sheria ilikuwa imeitoa.

Kuna wanaoniambia kuwa hata dola 60 si bei nafuu. Wana haki. Ni karibu laki moja na nusu za kwetu, na nilifikiria siku tatu kabla ya kununua. Zipo seti za mbao za bei ndogo zaidi. Nilianza na moja, ya kuazima, nzito, na kiwiko changu kikalalamika wiki nzima. Kwa hiyo nafuu kwangu ina maana hii: bei ya chini kabisa ambayo unaweza kucheza nayo saa mbili bila kuumia na kesho yake ukataka kurudi. Hilo yangu imelifanya.

Na malimao? Niliyachagua kwa sababu ni mazuri, na sioni kwa nini nijitetee. Raketi ya malimao na nyeusi ya dukani hapo hapo zilikuwa kampuni moja, uso mmoja, tumbo moja, bei moja. Nina hakika kwamba ningechomeka ile nyeusi, yule mzee asingeigusa. Angedhani ni kaboni. Angenisubiri niingie uwanjani, anione nikipiga, ndipo aamue. Rangi ndiyo iliyoninyima dakika hizo kumi na tano za kuhukumiwa kwa mchezo wangu. Mgeni mweusi mwenye lafudhi katika mji huu anajua vizuri thamani ya dakika hizo, na nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kwenye uzio wa pikoboli ninazipata bure.

Siku ile niliitoa raketi, nikairudisha kwa wazoefu, nyuma kabisa, maana nafasi yangu ilishapita. Nilicheza mchezo mmoja, nikafungwa 11 kwa 8. Mzee hakuwa upande wa pili. Alikuwa kwenye benchi akizungumza na wenzake.

Bado ninayo. Rangi imebanduka kwenye kona na limao moja limebaki nusu. Naendelea kwenda bustani ile, lakini siku hizi najaza chupa ya maji nyumbani.