Gari la Jumapili nalo linahitaji oili mpya

Saa nane usiku, mwezi Machi, mvua inanyesha Kasulu. Mtoto wa miaka mitatu anachemka homa, kisha mwili unaanza kukakamaa na macho yanageuka. Mama anapiga kelele: "Baba, amka! Mtoto ana degedege, washa gari!"

Gari lipo uani, limefunikwa turubai. Linawaka baada ya kusumbua kidogo, na familia inaondoka. Kwenye kilima cha pili taa nyekundu yenye umbo la kopo la oili inawaka, injini inaanza kugonga, halafu inazima. Baba anashuka kwenye mvua kutafuta bodaboda, huku mama akibaki kwenye kiti cha nyuma na mtoto mapajani.

Tukio hili ni la kufikirika, lakini wazazi wengi wa Kasulu na Kibondo wanalijua gari la aina hiyo. Ni gari la mtumishi anayetembea kwa miguu kwenda kazini, au la mfanyabiashara ambaye shughuli zake zote ziko mjini. Hutoka Jumapili kwenda kanisani, siku ya gulio, na siku ya msiba. Siku nyingine linakaa tu. Mwenye nalo akiulizwa kuhusu oili, hujibu: "Kwani limetembea?"

Jibu hilo linaonekana la busara. Kikaratasi cha gereji kinasema oili ibadilishwe baada ya kilomita 5,000, na gari limetembea 1,100 tu katika miaka miwili. Lakini kitabu cha gari huwa na vipimo viwili, kilomita na miezi, na kinachotangulia kufika ndicho kinachofuatwa. Kwa magari mengi muda huo ni miezi 6 au 12, kutegemea aina ya gari na oili. Kikaratasi cha gereji mara nyingi huandikwa kilomita peke yake, na hapo ndipo wengi hupotea.

Sababu ni hii. Injini inapochoma petroli au dizeli hutoa pia mvuke wa maji, na sehemu ndogo ya mvuke huo na ya mafuta yasiyoungua hupenya hadi kwenye oili. Gari likisafiri mwendo mrefu, kwa mfano Kasulu hadi Kibondo, oili hupata moto wa kutosha na maji hayo hukauka. Likienda sokoni na kurudi, kilomita mbili au tatu, injini inazimwa kabla oili haijapata moto sawasawa. Maji yanabaki ndani.

Hali ya hewa ya huku juu nayo inachangia. Miji hii ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi na mchana jua linapiga. Gari likikaa nje, hewa iliyomo ndani ya injini hupoa na kupata joto kila siku, na unyevu unaganda kwenye chuma kama umande. Maji, mafuta na masizi yakikaa kwenye oili kwa miezi hutengeneza asidi na tope zito. Tope hilo huziba njia za oili. Gari linawaka vizuri tu, lakini likipanda kilima oili haifiki juu inakohitajika, na chuma kinasaga chuma.

Wahenga walisema akiba haiozi. Oili iliyokaa ndani ya injini huoza.

Wapo wanaodhani wamelimaliza tatizo kwa kuwasha gari kila asubuhi dakika tano na kulizima. Hilo huongeza maji kwenye oili bila kuyakausha. Afadhali kuliendesha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, dakika 20 hadi 30 mfululizo, mpaka injini ipate moto kweli. Betri nayo itachaji na matairi hayatakaa upande mmoja. Usiliwashe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuua watu waliolala chumba cha jirani.

Kwa gari linalokaa, badilisha oili angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na filta yake, hata kama kilomita hazijafika. Kama safari zake zote ni fupi, miezi 6 ni salama zaidi. Mwambie fundi aandike tarehe kwenye kikaratasi, si kilomita peke yake. Nunua oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwenye kopo ambalo halijafunguliwa. Kabla ya safari chomoa stiki ya oili: kiwango kiwe kati ya alama mbili. Oili kuwa nyeusi si lazima iwe mbovu, lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ina maji, na gari lisiondoke kabla fundi hajaliona. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini papo hapo. Kuendelea hata kilomita moja kunaweza kuiua.

Kuna jambo jingine linalogusa watoto moja kwa moja, nalo ni oili chafu iliyomwagwa. Nyumba nyingi huiweka kwenye chupa ya soda au ya maji ili baadaye wapake nguzo zisiliwe na mchwa. Mtoto haoni oili, anaona soda. Akiinywa, usimtapishe na usimpe maziwa au mafuta ya kula ili atapike, kwa sababu oili ikiingia kwenye mapafu huleta nimonia mbaya. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa hiyo.

Oili iliyotumika pia hukusanya kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Wanyama wa maabara waliopakwa oili hiyo mara kwa mara walipata saratani ya ngozi. Isipakwe kwenye kidonda, kwenye mapunye wala kwenye nywele. Anayeishika avae glavu, kisha anawe kwa sabuni. Na kwa kuwa huku ni nyumbani kwa mawese, dumu lililobeba oili ya gari lisigeuzwe la mawese hata likioshwa mara ngapi. Isimwagwe pia mtaroni wala karibu na kisima. Iache gereji wanakokusanya kwenye pipa.

Hata hivyo, gari zuri kuliko yote linaweza kukataa usiku. Kila familia iwe na mpango wa pili: namba ya dereva wa bodaboda au teksi anayeaminika, na jirani mwenye gari aliyekwisha kuombwa mapema. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga mwenye dharura, piga 115 bila malipo. Ni namba ya mfumo wa usafiri wa m-mama, unaotuma gari la wagonjwa, na lisipopatikana, dereva wa jamii aliyeandaliwa kwa kazi hiyo.

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria kali haisubiri asubuhi. Mtoto mwenye degedege, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au asiyeamka vizuri anatakiwa kufika kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Leo jioni, kabla giza halijaingia, fungua boneti. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa, irudishe na uichomoe tena. Kisha jiulize mara ya mwisho oili ilibadilishwa mwezi gani. Kama hukumbuki, kesho mpigie fundi.