Usimhukumu mtu kwa mwaka aliozaliwa

Wengi wetu tumewahi kujaza tarehe ya kuzaliwa mtandaoni tukaambiwa sisi ni joka, nyoka au sungura. Tunacheka, tunawatumia marafiki, yanaisha. Lakini nyota za Kichina zina hesabu yake. Wanyama 12 huoanishwa na elementi tano, yaani mti, moto, udongo, chuma na maji, na mzunguko mzima huchukua miaka 60. Msomaji wa chati hutazama mwaka, mwezi, siku na saa uliyozaliwa, kisha anakwambia umepungukiwa na nini. Kuna wazazi China humpa mtoto jina lenye alama ya maji eti kwa sababu chati yake imekosa maji.

Hapo sina neno. Shida ni chati inapogeuka hukumu. Japan kulikuwa na imani kuwa msichana wa mwaka wa Farasi wa Moto atakuwa mkaidi na atamfupishia mumewe maisha. Ulipofika 1966, watoto waliozaliwa walipungua kwa takriban robo, kutoka milioni 1.82 mwaka uliotangulia hadi milioni 1.36. Mwaka wa 1967 wakapanda tena, milioni 1.9 na ushee. Hakuna moto uliowaka. Ni woga tu.

Farasi huyo amerudi 2026. Kwa hivyo simu ikikwambia wewe ni maji na mpenzi wako ni moto, cheka, halafu jiulize: ananiheshimu? Anatimiza ahadi? Hayo hutayapata kwenye tarehe yake ya kuzaliwa.