Kupchak hakuponzwa na dau, aliponzwa na miaka

Mchezaji mpya akitua uwanja wa ndege, skafu shingoni, swali la kwanza kijiweni huwa moja tu: kachukua ngapi? Likijibiwa, tunagawana. Huyu anasema viongozi wamepigwa, yule anasema kwa fundi kama huyu pesa hiyo ni kidogo. Ni mara chache utasikia mtu akiuliza kasaini miaka mingapi.

Ndiyo maana leo namtetea kidogo, kisha namshtaki, Mitch Kupchak, aliyekuwa meneja mkuu wa Los Angeles Lakers kwenye kikapu cha NBA. Mtaje mbele ya shabiki wa Lakers uone anavyonuna. Julai 2016 aliwasajili Luol Deng kwa Dola 72 milioni na Timofey Mozgov kwa Dola 64 milioni. Jumla Dola 136 milioni, kwa timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi 17 kati ya 82.

Namba hizo zinachekwa hadi leo. Mimi sizicheki. Mwaka ule pesa za televisheni zilimwagika NBA, ukomo wa mishahara ukapanda kwa mkupuo kutoka Dola 70 milioni hadi Dola 94 milioni kwa kila timu. Kila bosi alikuwa na mkwanja, na kila mchezaji akapandisha bei. Deng, mzaliwa wa Wau kule Sudan Kusini, kulipwa Dola 18 milioni kwa msimu haikuwa ajabu kwenye soko lile.

Ajabu ni miaka minne. Tena kwa wote wawili! Deng alikuwa na miaka 31 na alishatumika sana tangu enzi zake za Chicago Bulls. Mozgov alikuwa anagonga 30, ametoka kubeba ubingwa na Cleveland huku akisugua benchi kwenye fainali.

Sisi watu wa soka tunaweza kuona siyo ishu, mchezaji akichuja si anauzwa tu? NBA mambo si hivyo. Hakuna ada ya uhamisho. Timu zinabadilishana wachezaji, na anayempokea mchezaji anaupokea na mkataba wake. Mkataba ukiwa na dhamana, kama ilivyo mingi kule, unalipa wote hata jamaa akikaa jukwaani, na mshahara wake unaendelea kula nafasi ndani ya ukomo. Mzigo mbovu hauchukuliwi na mtu hivihivi. Lazima uuongezee kitamu.

Kitamu cha Lakers kilikuwa D'Angelo Russell, kijana waliyemchukua namba mbili kwenye drafti ya 2015. Kupchak alitimuliwa Februari 2017, na Juni mabosi wapya, Magic Johnson na Rob Pelinka, wakamtupa Mozgov kwenda Brooklyn pamoja na Russell. Walipata Brook Lopez, aliyekaa msimu mmoja, na nafasi ya drafti iliyowaletea Kyle Kuzma. Sawa, siyo hasara tupu. Lakini Russell alikuwa All-Star akiwa na Brooklyn mwaka 2019, na aliondoka ili tu mtu akubali kubeba mshahara wa Mozgov.

Linganisha na Kobe Bryant. Novemba 2013, akiwa na miaka 35 na anauguza kano ya kisigino, Kupchak huyuhuyu alimpa Dola 48.5 milioni. Watu walipiga kelele kweli. Ila ilikuwa miaka miwili. Kobe akamaliza 2016 kwa pointi 60 kwenye mechi ya kuaga, mkataba ukaisha, Lakers wakabaki na mfuko mweupe. Ule ulikuwa mkataba ghali kuliko wa Deng kwa msimu mmoja mmoja, na haukumfunga mtu yeyote.

Kwa nini hakufanya vile 2016? Nahisi presha. Jim Buss, bosi wake kutoka familia iliyokuwa ikimiliki timu, alishasema tangu 2014 kuwa ataachia ngazi kama Lakers hawatarudi juu ndani ya miaka michache. Muda ulikuwa unayoyoma. Mtu anayehesabu siku zake ofisini haoni tabu kusaini mkataba ambao mwaka wake wa nne utalipwa na mwingine. Viongozi wa namna hiyo hata kwenye soka letu tunawajua.

Deng alicheza mechi moja tu msimu wa 2017/18, kisha Septemba 2018 Lakers wakamwacha na kuigawanya pesa yake iliyobaki ili iwe inalipwa kidogokidogo. Oktoba 2020 LeBron James aliwapa ubingwa. Deng alikuwa ameshastaafu mwaka mmoja nyuma, na mshahara wake bado ulikuwa kwenye hesabu za Lakers.