Pesa za Mteja Ziko kwa Nani?

Kila wanapokutana mawakili chipukizi siku hizi, mazungumzo huishia palepale: je, anayetaka kubobea katika sheria ya teknolojia ya fedha ni lazima ajue kuandika programu? Makala mawili katika toleo hili yanavutana juu ya swali hilo, na yote mawili yameandikwa kwa ustadi. Hata hivyo naona mjadala wenyewe unatupotezea muda. Jinsi blokicheni inavyofanya kazi, wakili mwenye bidii ataielewa kwa majuma machache. Anayenitia hofu ni yule aliyelisahau somo la amana mara tu alipotoka kwenye chumba cha mtihani, na leo anajitangaza kuwa mshauri wa kampuni za sarafu za kidijitali.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Kenya haikuwa na sheria ya mifumo ya malipo. Benki Kuu ilitoa barua ya kutokuwa na pingamizi, basi. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ilikuja 2011, kanuni zake 2014. Katika miaka hiyo yote, mama mboga aliyeacha mauzo ya siku kwa wakala alikuwa analindwa na nini? Na hati ya amana. Kwa kila shilingi iliyosomeka kwenye simu palikuwa na shilingi benki, katika akaunti iliyoshikwa na kampuni nyingine, M-Pesa Holding, ikiwa mdhamini kwa niaba ya wateja. Safaricom ingeelemewa na madeni, wadai wake wasingekuwa na haki juu ya pesa hizo. Kanuni za 2014 ziliukuta utaratibu huo umeshazoeleka, zikaufanya sharti kwa kila mtoa huduma. Walioujenga ndio mawakili wa kwanza wa teknolojia ya fedha katika nchi hii, hata kama wakati huo hakuna aliyewaita hivyo, na zana yao ilikuwa sheria ya karne nyingi.

Sasa tazama Celsius ya Marekani, iliyoomba ulinzi wa ufilisi Julai 2022. Wateja waliweka sarafu zao humo wapate riba, wakiamini ni zao. Januari 2023 Jaji Martin Glenn wa mahakama ya ufilisi ya New York akaamua kwamba sarafu zilizokuwa katika akaunti za riba ni mali ya kampuni, kwa kuwa masharti waliyoyakubali wateja wenyewe yalihamisha umiliki. Ziliguswa akaunti zipatazo 600,000, zenye thamani ya dola bilioni 4.2 hivi. Wenye akaunti hizo wakawa wadai wasio na dhamana yoyote. Ibara hiyo ilikuwa imeandikwa wazi, na kuitambua kulihitaji mtu anayesoma mikataba kwa makini.

Kule New Zealand mambo yalikwenda vingine. Soko la Cryptopia liliibiwa na wadukuzi Januari 2019, likafilisika Mei mwaka huohuo. Aprili 2020 Jaji Gendall akaamua kwamba sarafu hizo ni mali kisheria, na kwamba kampuni ilizishika kwa amana kwa ajili ya wateja, amana moja kwa kila aina ya sarafu. Uamuzi huu unastahili kusomwa na kila wakili wa Nairobi, kwa sababu mirathi yetu ya sheria ni moja na hoja zake zinaweza kutumika mbele ya majaji wetu.

Mzizi wa tatizo ni huu. Sarafu za maelfu ya wateja hukaa katika pochi moja, na ufunguo wake unashikwa na kampuni. Kwenye blokicheni huonekana anwani tu. Nani ana kiasi gani, hilo limo katika daftari la ndani la kampuni, kwenye kompyuta zake. Mfilisi akifika, neno "tumetenga mali ya wateja" halitamsaidia kitu. Ataomba hati inayomtaja mdhamini, ataomba daftari, kisha ataangalia kama jumla ya daftari inalingana na kilichomo ndani ya pochi. Wakili aliyebobea huyauliza hayo matatu siku ya kwanza kampuni inapomjia, kabla hata ya kuzungumzia leseni.

Na leseni ndiyo gumzo la mwaka. Sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, iliyotiwa saini na Rais Ruto Oktoba 2025, imegawa usimamizi kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Makala yetu ya kwanza yanaichambua vizuri, ingawa mwandishi ameipa amana aya moja tu, na hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mwenzetu wa Dar es Salaam anahoji vipi kodi ya asilimia 3 ya mwaka 2024 itasomwa pamoja na tangazo la Benki Kuu ya Tanzania la Novemba 2019 lililokataza sarafu hizi. Pia kuna uchambuzi wa hukumu ya Mei 2025 kuhusu Worldcoin na picha za mboni za macho ya Wakenya.

Mimi nataka kanuni za sheria mpya zidai hati ya amana yenye mdhamini aliye nje ya kampuni, pamoja na ulinganisho wa daftari na pochi unaofanywa na mkaguzi huru. Rasimu ya vifungu hivyo iko katika kurasa za mwisho. Wanaoandaa maoni kwa Hazina ya Taifa waichukue, na anayeona ufa kwenye kifungu cha mdhamini aniandikie kabla ya toleo lijalo.